Askari wa Kiwanja cha Ndege Aliyeingia Katikati ya Matanga

Jua halijapanda vizuri na Bonface Maroa tayari yuko kwenye lami. Anatembea pole pole ukingoni mwa njia ya kurukia ndege, macho chini, kama mtu aliyeangusha sindano. Anaokota kijiwe na kukitia mfukoni mwa koti lake la manjano. Mbele kidogo anainama tena. Ni kinyesi cha mbuzi, kikavu.

"Hii ni ya jana," anasema, na uso unamkunjuka. "Ingekuwa ya leo, saa hii ningekuwa natafuta mwenye mbuzi."

Anainua redio ya mkononi. "Liz, njia iko safi." Kutoka mnarani Liz Nyatichi, ambaye kazi yake ni kuongea na marubani, anajibu kwamba amesikia na kwamba ndege ya kwanza imeshaondoka Nairobi.

Hapa ni Got Sibuor, mpakani mwa Migori na Homa Bay. Zamani palikuwa uwanja wa vumbi ambapo ndege zilionekana tu wakati wa kampeni. Leo kuna lami, jengo la abiria, mashine ya kukagua mizigo, gari la zimamoto, viti vya magurudumu kwa wagonjwa, na dirisha la uhamiaji kwa wanaokwenda Mwanza. Kilichochelewa ni ua. Kwa muda mrefu, upande wa magharibi ulilindwa na mistari ya mimea tu, mimea na Maroa.

Maroa, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, alizaliwa karibu na Kehancha, kwa Wakuria, na kukulia nyuma ya mifugo ya baba yake. Tumbaku ilipokosa bei alishuka Migori kutafuta kibarua, na kiwanja kikamwajiri kufukuza ng'ombe kwa mkataba wa miezi sita sita, shilingi elfu kumi na tisa kwa mwezi. Kwa pesa hizo anamtunza mkewe, Rael, na watoto watatu katika nyumba ya kupanga mjini Rongo.

Wanakijiji Waluo wanaokizunguka kiwanja walimpokea kwa utani. Si siri kwamba zamani Wakuria na Waluo waliibiana mifugo, na mzaha huo haujafa.

"Waliniambia, 'Serikali imeleta fisi achunge mbuzi,'" anakumbuka, akicheka. "Nikawaambia fisi huyu ameshiba."

Aliyecheka naye zaidi alikuwa Mzee Ogweno, ambaye boma lake liko nje kidogo ya ua wa magharibi. Kila asubuhi mzee huyo alisimama penye mimea, akaegemea fimbo yake na kuuliza habari za Kehancha. Hakuwahi kuvuka. Alisema lami ni mali ya watu wenye haraka.

Aprili mwaka jana Mzee Ogweno akafariki.

Mzee wa Kiluo mwenye heshima zake hazikwi kimya kimya. Kuna tero buru: wanaume hukusanya ng'ombe, hujifunga majani, hupiga ngoma na filimbi, na kukimbia na mifugo hadi mpakani mwa nyika kukifukuza kifo. Ndipo hurudi nyumbani. Familia ilikuwa imemhakikishia Maroa kwamba msafara utapita asubuhi mapema, kabla ya kutua kwa ndege iliyombeba Levis, kifungua mimba wa marehemu. Lakini waombolezaji kutoka Homa Bay walichelewa, na msafara ukawangoja.

Nyika ya Mzee Ogweno, alikochunga ujanani, ilikuwa ng'ambo ya pili ya lami.

"Niliona vumbi kwanza," anasimulia Maroa. "Halafu pembe. Halafu mimea ikalala chini."

Alimwita Liz kwenye redio. "Liz, mwambie rubani asishuke. Kuna ng'ombe."

"Ng'ombe ngapi?"

"Ya matanga, Liz. Usiulize ngapi."

Liz akampa rubani taarifa. Rubani, aliyekuwa ameshaiona lami, aliinua ndege na kuanza kuzunguka juu.

Maroa akapuliza filimbi yake kwa nguvu zote. Waombolezaji nao walikuwa wakipuliza zao, basi yake ikamezwa. Akainua fimbo. Nao walikuwa wameinua zao. Vijana wawili wakamshangilia, wakidhani jirani amekuja kuomboleza.

Angeweza kuwachapa ng'ombe wale, na mikono ilimwasha. "Lakini fikiria," anasema. "Mkuria apige ng'ombe za Mjaluo siku ya matanga. Nani angeuliza kama kuna ndege?"

Basi alifanya ambalo hakufundishwa na mtu. Alivunja tawi, akajifunga majani kiunoni juu ya koti la kazi, akajitosa ndani ya msafara akiimba kwa Kijaluo chake cha kuokoteza. Alikimbia mpaka mbele kabisa, alipokuwa Japheth Rabuor, mdogo wa marehemu, akiongoza fahali mwenye kengele. Kwato za fahali zilikuwa zimeshagusa lami.

Maroa alisimama mbele yake.

"Jaduong', mpaka ni hapa," alimwambia, kwa jina ambalo Waluo humwita mzee wa heshima.

"Nani amekuambia, wewe mtoto wa Wakuria?"

"Ndugu yako. Kila asubuhi alisimama hapa tukasalimiana. Hii lami hakuwahi kuikanyaga, hata siku moja. Sisi tutampeleka kwa nini mahali alikataa kwenda?"

Rabuor alimtazama. Juu yao ndege ilipita ikinguruma. Maroa anakiri kwamba wakati huo machozi yalimtoka, na hayakuwa ya ujanja. Alikuwa amempenda yule mzee, na tangu afariki hakuwa amepata nafasi ya kumlilia.

"Niliona analia," anasema Rabuor, ambaye tulimkuta bomani kwake. "Mtu haendi kwa matanga ya watu kuigiza. Nikamgeuza fahali."

Fahali alipogeuka, wengine wakamfuata. Ndege ilitua. Levis alishuka na suti yake, akauliza ngoma zinalia wapi, akakimbilia huko bila kungoja mizigo.

Lakini kwa Maroa mambo hayakuishia hapo. Meneja alikuwa ameyaona yote kutoka dirishani, na alichokiona yeye ni askari wake akicheza na majani kiunoni huku ndege ikikosa pa kutua. Wakaguzi wa safari za ng'ambo ya mpaka walikuwa wakitarajiwa wakati wowote. Maroa akaambiwa akae nyumbani hadi aitwe.

"Alikuwa hali, halali," anasema Rael. "Nikimwambia kula, ananiambia, 'Mama Terry, watoto wataenda shule na nini?'"

Wiki ilikatika. Alipoitwa, alikwenda amekunja sare yake kwenye mfuko, tayari kuirudisha. Ofisini alimkuta Liz, ambaye alikuwa ameeleza kwamba bila sauti ya Maroa redioni ndege ingeshuka juu ya pembe. Alimkuta pia Rabuor na wazee wawili, kofia magotini.

"Tulikuja kusema kosa ni letu," anaeleza Rabuor. "Na kwamba mkimfukuza huyu, mtuletee mwingine anayejua kulia."

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo, kukiwa na matanga ya mzee, familia imwone Maroa kwanza, naye azungumze na Liz kuhusu saa. Mwezi huu ua wa waya umefika upande wa magharibi, wakaguzi wamepita na kuridhika, na Maroa amepewa ajira ya kudumu. Rael anasema usiku wa siku alipopewa ajira hiyo mumewe alilala hadi akapitwa na wakati wa kazi, kwa mara ya kwanza tangu amjue.

Tunapoagana, tunamuuliza anapanga nini sasa kazi imetulia. Anasema anataka kununua kipande kidogo cha ardhi Rongo, aache kupanga. Kisha anatazama boma la Rabuor, ambako moshi wa jikoni unapanda.

"Mzee Rabuor aliniambia siku yake ikifika, nitembee mbele na fahali, pamoja na watoto wake," anasema. "Namwombea isije haraka. Lakini ikija, nitaomba ruhusa kazini. Mtu mwingine achunge ndege."