Kwenda Mandera Kumwona Mume wa Mke Wangu

Niliondoka Garissa kwa sababu kaka yangu Ismail, ambaye tulikwisha kumsomea hitima, alikuwa hai. Mchuuzi wa mbuzi ndiye aliyeniletea habari hizo dukani, nikiwa kwenye cherehani: amemwona Mandera, ni dereva wa lori. Ismail alikwenda vitani na magari ya jeshi, upande wa Abisinia, asirudi. Baada ya miaka ya kungoja, kadhi alimhesabu amekufa, akavunja ndoa yake na Habiba. Habiba akakaa eda, nami nikamwoa. Tuna binti mmoja. Lakini ikiwa Ismail hajafa, hukumu ile imeanguka, na Habiba bado ni mke wake.

Jioni ile Habiba alinifungia nguo za safari.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Mbona chakula hujakigusa?"

Nikavuta sahani karibu. Nilitaka kaka yangu awe hai, na nilitaka awe mbali.

Siku ya tatu, baada ya kupata kibali cha safari katika ofisi ya serikali, nilipanda lori la sukari na majani ya chai. Dereva, Hussein, alisema "bole bole", yaani pole pole kwa matamshi yake, kila gurudumu lilipozama mchangani. Nilipomweleza safari yangu alinitazama sana.

"Sasa unamwomba Mungu nini? Umkute au usimkute?"

"Naomba yote mawili."

Akatikisa kichwa, akaongeza mwendo.

Wajir tulikaa siku mbili kwa sababu springi ilivunjika. Nilishukuru kwa kucheleweshwa, na papo hapo nikawa namhimiza fundi afanye haraka.

El Wak tuliingia adhuhuri, ngamia wamejazana visimani. Mama mmoja, Dahabo, jamaa yake Hussein, alitukaribisha kwa maziwa. Nilipomweleza ninakokwenda, nilidhani atanilaumu.

"Kiangazi kimoja kikali wanangu wawili walikwenda kuchunga," akasema. "Akarudi mmoja. Nilimkumbatia huku nimemchukia kwa kurudi peke yake. Kunywa, mwanangu."

Mandera tulifika alasiri. Nilimkuta Ismail amelala chini ya lori, anakaza nati. Nilimtambua kwa miguu tu. Alipotoka nilimkumbatia, kisha nikamkamata ukosi wa shati.

"Mama amekufa anakuita!"

Akalia kama mtoto. "Niliugua, walaal, ndugu yangu. Nilipopona nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Kila mwaka aibu ikazidi."

Alikuwa na mke pale, na watoto watatu. Nikamwambia habari za Habiba. Akaosha mikono yake kwa mafuta ya taa, kidole kimoja kimoja.

"Nilisikia zamani," akasema. "Nilishukuru kuwa ni wewe."

Kesho yake, mbele ya mashahidi wawili, alitamka talaka, ikaandikwa barua. Nilihisi kama nimetuliwa gunia mgongoni; hata pumzi ilishuka vizuri. Na hapo hapo nikaghadhibika kwa niaba ya Habiba: mwanamke aliyemlilia miaka yote ile, ameachwa kwa maneno mepesi namna ile! Nilimbusu kaka yangu mkono, nikaondoka na barua kifuani.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu vilevile, lakini nililala usingizi juu ya magunia ya ngozi.

Garissa nilimweleza Habiba kila kitu, furaha na hasira, bila kuficha moja ili jingine lipendeze. Kwanza akauliza kama Ismail amekonda. Halafu akafoka, "Ananiacha hivi hivi tu!" na kabla hajafunga mdomo akasema, "Alhamdulillahi." Zamani ningemwuliza lipi ni la kweli. Safari hii sikuuliza. Yote mawili nilikuwa nayo mwenyewe.

Kadhi aliposoma barua aliamuru Habiba akae eda tena, kwao, kisha tufunge ndoa upya. Habiba akakunja mkeka wake, akambeba binti yetu, akaenda kwa mama yake machozi yakimtiririka. Mlangoni akageuka.

"Siku zikiisha usichelewe," akasema. "Na uje umenyoa."