Nilivyoposa Mgeta Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, hii aibu niliificha muda mrefu, lakini kwa kuwa Rehema anaisimulia kila tukikaa na watu, na kila akiisimulia anaongeza chumvi, nimeona bora niitoe mwenyewe mbichi, halafu mnicheke mara moja tuyamalize.

Chanzo ni maneno yangu. Mama yake Rehema (wakati huo alikuwa bado hajawa mama mkwe, na kwa alivyokuwa ananitazama nilijua kazi ninayo) alisema hapokei barua ya posa kutoka kwa mtu asiye na kwao. "Kila nikimuuliza anasema Tabata. Tabata ni kwenu au umepanga?" Nikavimba. Nikamwambia mimi Mluguru, baba yangu katoka milimani Mgeta, na sikukuu hii nitawapeleka wote wakatembee, waone maporomoko ya maji, bustani za kabichi, stroberi za kuchuma kwa mkono, ukungu wa saa sita mchana, na ndugu zangu pia. Ukweli ni kwamba Mgeta nilifika mara moja nikiwa nabebwa mgongoni, na baba alishafariki na ramani yake yote kichwani.

Tukakodi gari, Noah, toka Dar mpaka Morogoro, tukalala Bigwa, asubuhi tukapanda. Tulikuwa wanne: mimi, Rehema, mama yake, na shangazi yake, Bi Mwajuma, ambaye alikuwa amewashonea wanawake wote vitenge vya sare ili picha zitoke vizuri. Njiani huyo shangazi alinunua tenga la matunda, mkungu wa ndizi, na jogoo mwekundu ambaye hakuna aliyejua wa nini (alisema macho yake yamempendeza). Sare, tenga, mkungu, jogoo: naomba mkumbuke hivyo vitu.

Barabara ilipoishia tukamwacha dereva na gari. Mama mmoja aliyekuwa anapanga njegere kwenye sado, vile vindoo vya kupimia, akatuambia, "Huko kwenye maporomoko njia zinapishana, chukueni mwenyeji." Nikamjibu kwa sauti ya kusikika nyuma, "Mwenyeji ndiye mimi, mama." Akanitazama viatu, vyeupe pee, akarudi kwenye njegere zake.

Na hapo ndipo nilipoharibu, maana njia ilipogawanyika nilichagua iliyo pana, nikiamini maji makubwa yana njia kubwa, tukatelemka, tukapanda, ukungu ukatufunika, na Bi Mwajuma (ambaye hakutaka kuacha jogoo, tenga wala mkungu kwenye gari, tukawa tunabeba vyote) akaanza kuuliza hayo maporomoko mbona hayasikiki, nami nikasema yanasikika ukikaribia, mpaka kweli tukasikia kitu, ila kilikuwa vigelegele.

Chini yetu kulikuwa na nyumba, turubai, mikeka, na wanawake wanatukimbilia wakiimba. Wakatandika kanga tupite juu yake. Wakapokea tenga, mkungu, na jogoo. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma akaja. Nikatoa shikamoo, akaitikia akasema, "Marahaba. Wageni wetu wa Dar, tulidhani mmepotea."

Mama Rehema akaninong'oneza, "Ndio ndugu zako hawa?" Kwa sauti yake nilisikia, kwa mara ya kwanza tangu anijue, heshima. Ningefanyaje? Nikasema, "Ndio hao, mama."

Basi tukakalishwa mkeka wa mbele, ukaja wali, kuku, njegere za nazi, nami nakula huku nikitikisa kichwa kwa kila anayepita kama namfahamu toka utoto. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilianza hata kuwaonyesha vilima, kile cha babu, kile cha babu mdogo.

Walipotoa sahani, yule mzee akakohoa. "Mimi ndiye mjomba wa binti. Barua yenu ya posa tuliipokea, tukaisoma, tukafurahi. Ila hatukutarajia bwana mwenyewe aje, lakini vijana wa siku hizi ndio hivyo."

Rehema aliweka chini paja la kuku taratibu. Mama yake alinigeukia mwili mzima.

Hapo nilitakiwa kusema. Mdomo ulifunguka, wallahi, lakini mzee akaniwahi: "Ukoo wako upi, kijana?" Nikataja wa baba. Akatabasamu. "Huo wa baba. Sisi huku mtu ni wa kwa mama yake. Wa mama?"

"Mama ni Mchaga," nikasema. "Wa Machame."

Wazee wakatazamana, maana barua waliyoisoma haikutaja Mchaga yeyote. Mzee akaona njia ni moja, akaagiza binti aletwe, aulizwe kama anamfahamu mgeni, ndiyo desturi. Binti akatoka ndani amefunikwa kanga, akafunuliwa, akaniangalia vizuri, kuanzia juu mpaka kwenye vile viatu. "Huyu simfahamu," akasema.

Na huko juu kwenye njia wakaanza kutelemka watu wengine wa sare, na tenga lao, matope mpaka magotini.

"Sasa wewe ni mgeni wa nani?" mzee akaniuliza, bila ukali.

"Nimepotea, baba."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Ungesema tangu mwanzo. Tungekulisha vilevile."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mama Rehema akasimama, akawaomba radhi kwa maneno mazuri ambayo mimi sikuwa nayo, akasema zile zawadi ni za harusi. Bi Mwajuma akanong'ona, "Hata jogoo?" Hata jogoo.

Tukarudi garini, tukashuka hadi tambarare. Nilijua nimemkosa Rehema. Kisha mama yake akasema, "Idi, kutokujua kwenu si kosa. Kosa ni kuona haya kuuliza." Akatazama dirishani. "Barua ilete. Ila ailete anayejua njia."

Nilimtuma mjomba wangu wa Machame na wenzake kwa kina Rehema, akauliza njia mara tatu toka kituoni. Mimi nilibaki nyumbani (nilishajifunza), nimeshika simu. Wakala, wakazungumza, Rehema akaitwa, akafunuliwa kanga, akaulizwa kama anawafahamu wageni. Akawatazama mmoja mmoja, kwa utulivu, akasema, "Hawa siwafahamu."

Mjomba anasema jasho lilimtoka hadi kwenye soksi, mpaka Bi Mwajuma alipoangua kicheko ndipo akaelewa anataniwa. Siku hizi nauliza njia hata nikienda dukani.