Habari za Watu na za Vitabu

Vitabu vilivyotoka Taita vilikuja na harufu ya moshi wa kuni. Kwetu Mtopanga tulipikia makaa na jiko la mafuta ya taa, na karatasi za nyumbani kwetu zilinuka chumvi na unyevu wa pwani. Lakini kitabu cha Mwalimu Tabitha kikifunuliwa tu, uani petu palinuka jiko la watu wengine na baridi ambayo sikuwa nimewahi kuionja. Mama alikuwa hasomi kwanza. Alikipeleka puani, akavuta pumzi taratibu, kisha akatangaza kwamba huko wamepika maharagwe. Hakuna aliyembishia. Jirani yetu Bi Khadija, ambaye kusoma hakujua ila msahafu, naye alikiomba akinuse, akakirudisha akisema maharagwe yenyewe yametiwa chumvi kidogo.

Mwalimu Tabitha alikuwa mpangaji wetu kabla ya kuwa mwandishi wa barua. Alikuja kufundisha shule ya msingi ya karibu nasi nikiwa bado mdogo, Mtaita, Mkristo, mwanamke asiye na mume wala mtoto, na mzigo wake mzito kuliko yote ulikuwa kikapu cha vitabu. Alikodi chumba cha uani kilichotazamana na jiko letu. Mama alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, akaolewa, na tangu hapo alichosoma ni vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari na njugu. Siku moja Mwalimu alitoka chumbani akamkuta amesimama na kipande kama hicho, amezama, na wali unaungua. Hakumcheka. Aliepua sufuria, akarudi ndani, akamletea kitabu. Baadaye mama alikuwa akisema kwamba wali ule ulioungua ndio chakula kilichomshibisha kuliko chochote alichowahi kupika.

Nilipokuwa darasa la nne, Mwalimu alihamishiwa kwao milimani. Walipoagana, mama alimwambia maneno ya wahenga, kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Mwalimu akamjibu kuwa basi wao waandikiane mara mbili zaidi ili nusu mbili ziwe kuonana kamili. Ndivyo ulivyoanza msimu ninaoukumbuka kuliko yote ya utoto wangu. Barua zilipitia sanduku la posta la kiwanda alichofanyia kazi baba, huko Changamwe, na vitabu vilikuja kwa mkono wa watu waliokuwa wakishuka pwani. Ijumaa baada ya swala ya alasiri, mama alitandika mkeka uani, Bi Khadija akaja na ukindu wake wa kusuka, nami nikaketi nyuma ya bega la mama ili nione mwandiko. Ulikuwa mwandiko wa ubao, mnyoofu, kila herufi imesimama kama mtoto aliyeambiwa asiegemee ukuta.

Barua zake zilikuwa na adabu zake. Kwanza salamu za kila mtu kwa jina. Kisha habari za watu: binamu yake aliyeolewa Mwatate, mwalimu mwenzake aliyejifungua pacha, mzee wa kanisa aliyegombana na wanakwaya. Halafu aliruka mstari, na sote tukajiweka sawa, maana baada ya mstari ule zilikuja habari za vitabu. Alieleza ni kipi kipya amekipata, nani alimwazima, kinahusu nini, na wapi alilia. Mama naye alijibu kwa mtindo uo huo, akimweleza nani Mtopanga amehama na nani amefufua ugomvi wa zamani, kisha akatoa hukumu yake juu ya kitabu alichokimaliza. Juu ya msichana fulani wa hadithini aliandika kwamba hana haya lakini ana akili, na akili ikikaa sana haya huja yenyewe. Ilifika mahali watu wa vitabuni na watu wa mtaani wakachanganyika. Bi Khadija aliwahi kuuliza kama yule mjane bado anasumbuliwa na shemeji yake, na mama akamuuliza, mjane yupi, wa kitabuni au wa nyumba ya kona?

Mjane wa kitabuni ndiye aliyetutia mashakani. Kitabu chake kilipotufikia, kurasa za mwisho zilikuwa zimekatika. Mjane alikuwa amefungua duka dogo, shemeji amekuja na wazee kudai kwamba duka ni mali ya marehemu, na pale pale anapofungua kinywa ajibu, karatasi zikaisha. Mama aliandika usiku ule ule. Alimwambia shoga yake amalizie, maana hapati usingizi.

Jibu halikuja. Mwezi ukapita, ukaingia wa Ramadhani. Mama akaandika tena, akitia salamu za Idi. Baba alirudi kutoka kazini, akamwona mama amesimama mlangoni, akatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Idi ikaja ikaondoka. Bi Khadija, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema kuwa asiyekuwepo na lake halipo, na kwamba pengine Mwalimu amepata shoga wengine huko kwao, wa dini yake na lugha yake. Ijumaa ile mama hakutandika mkeka, wala iliyofuata. Nilimwona akisoma barua za zamani akiwa peke yake chumbani, midomo ikichezacheza, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba mama yangu naye angeweza kukosa mtu wa kucheza naye.

Ni baba aliyevunja ukimya. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sikudhani anazijali barua zile zaidi ya kuzibeba. Tulipokuwa tukila alisema, "Barua haitafutwi kwa barua. Nenda ukamwone."

Mama alisema hajui njia, na kwamba hajawahi kupita Mariakani. Baba akamwambia njia haijui mtu, mtu ndiye huijua njia, na kwamba Nuru shule imefungwa, atamsindikiza. Nuru ni mimi.

Tuliteremka Voi na kupanda gari jingine la milimani, na kila kona mama alilishika buibui lake kama linataka kumtoroka. Tulipofika, baridi ilitupokea kwa meno. Watoto walituongoza mpaka kwenye nyumba ya mabati iliyozungukwa na migomba. Mwalimu Tabitha alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni, na moshi ule tuliokuwa tukiunusa uani ulikuwa ukitoka nyuma yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani, kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa amwekee. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeanguka. Alikuwa amepigwa na kiharusi.

Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Midomo yake ilitafuta neno, ikalikosa, ikalitafuta tena, na mwisho akasema marahaba. Kisha machozi yakamtoka jicho moja. Mpwa wake alituambia kwamba barua zetu zote Mwalimu alizisoma, na kwamba yeye mpwa alijitolea kumwandikia majibu, lakini shangazi alikataa kila mara.

"Mkono... si wangu," alisema Mwalimu. "Nilitaka... ujifunze kwanza. Huu wa kushoto."

Mama aliketi chini, sakafuni, na buibui lake zuri, akaushika ule mkono usiohisi. "Shoga yangu," alisema, "mimi sikupanda milima kufuata mwandiko."

Kisha akaanza habari za watu. Alianza na Bi Khadija na kuzunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, akiiga sauti, akitia chumvi, mpaka Mwalimu akacheka kicheko cha upande mmoja. Alipokwisha alisema sasa ni zamu yake, amalizie kitabu. Ilichukua siku zote tulizokaa. Neno lilikuja, lingine likagoma. Mimi nilikuwa nikiyaona maneno kabla hajayatamka na nilitaka kumsaidia, lakini kila nilipofunua kinywa mama alinikanyaga mguu. Yeye alingoja. Sijawahi kumwona mtu akingoja hivyo, bila kugeuza macho, kana kwamba ule ukimya nao ulikuwa sehemu ya hadithi. Na mjane alilijibu baraza la wazee neno moja baada ya jingine, jikoni mle, na duka likabaki lake.

Baada ya miezi, baba aliingia uani na bahasha iliyoandikwa kwa herufi kubwa zilizolewa. Ndani mlikuwa na mistari mitatu: salamu, habari ya mtu mmoja, na jina la kitabu. Mama aliisoma Ijumaa nzima. Barua za mkono wa kushoto ziliendelea kuja, zikirefuka kidogo kidogo, mpaka nikawa sekondari, ndipo ikaja moja ya mwandiko wa mpwa, na tukajua kabla ya kuifungua.

Chuo kikuu tulisomeshwa barua ambazo Waingereza wa karne ya kumi na nane walikuwa wakiandikiana. Wenzangu walizichoka. Nani anaumwa, nani ameolewa, nani amehamia shamba, kisha kitabu gani kimetoka kwa mpiga chapa na kama kinafaa kununuliwa au kuazimwa. Mimi niliketi nyuma ya ukumbi nikayafuta macho kwa ukingo wa mtandio. Wanawake wale walivaa nguo nisizozijua na kunywa chai katika baridi nisiyoijua, lakini waliporuka mstari kwenda kwenye vitabu, nilijiweka sawa.

Leo nami nina shoga niliyesoma naye, anaishi Nakuru. Tunatumiana ujumbe kila siku. Picha ya jalada la kitabu, namtumia moyo mwekundu. Picha ya mtoto wake amehitimu, namtumia maua. Hakuna anayengoja kitu, na sijui lini mara ya mwisho nilimwandikia sentensi yenye mwanzo na mwisho. Mama sasa ni mtu mzima sana, anakaa nami hapa Kisauni, macho hayamruhusu kusoma, hivyo namsomea mimi. Juzi nilikuwa nimeshika simu, akaniuliza nazungumza na nani. Nikamwambia ni yule shoga yangu wa Nakuru.

"Hajambo?" akauliza. "Anasoma nini siku hizi? Kimemliza wapi?"

Asubuhi ile nilikuwa nimeona chakula alichokula, viatu alivyonunua, na mvua iliyonyesha mlangoni pake. Nilimtazama mama, naye akaningoja, bila kugeuza uso.