Kiti cha Pikapu ya Marehemu Merv

Bibi wa watu aliniangalia usoni, kikombe cha chai kikamponyoka, akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau.

"Lyall, usinyanyuke hapo kwenye kiti. Ukinyanyuka tunakufa wote."

Nikacheka. Nikadhani ni utani wa uzee.

Kumbe mwenzangu hatanii!

Ngoja niwape mkasa wenyewe, maana watu wamekuwa wakiusimulia huku na huko na kila mtu anaongeza chumvi yake.

Mimi nafufua magari ya zamani. Mke wangu Raelene anasema hiyo siyo kazi, ni maradhi. Nyuma ya nyumba yetu kuna mikweche minne na trekta lisilo na injini. Yeye anapaita makaburini.

Sasa nikasikia Verna Noske anauza shamba. Ni mjane wa Merv, familia ya siku nyingi huku kwetu mashambani, Mallee. Mnada ni Jumamosi, na bandani kuna pikapu ya mwaka 1936, ya kampuni iliyokufa kabla baba yangu hajazaliwa.

Nyie, pikapu hizo nilikuwa nimeziona mbili tu maishani, na moja iko makumbusho.

"Twende tukaangalie tu," nikamwambia Raelene.

"Kuangalia? Hata lile trekta ulienda kuangalia tu."

Lakini akapanda gari. Nadhani alikuja ili anizuie.

Ilikuwa Januari, jua linachoma mpaka nzi wamejificha. Banda lenyewe la mabati, ukiingia ni kama umefungua mlango wa jiko la mkate. Na humo ndani, chini ya vumbi, ndiyo hiyo pikapu. Taa mbili za duara, matairi yamelala chini, mlango mmoja umefungwa kwa waya.

Moyo ukanilipuka. Raelene akaguna.

Verna alikuwa na masharti yake. "Nakupa kwa bei ya chuma chakavu, mwanangu, ila uniahidi litatembea tena. Hulitaki, niambie leo. Jumamosi wa vyuma chakavu wanakuja kulikatakata."

"Nipe nafasi nilikague, mama."

"Kagua. Mimi nakupikia chai."

Raelene akamfuata ndani. Nikabaki na raha zangu.

Sasa sisi watu wa magari ya zamani hatuamini macho, tunaamini nyundo. Unalala chini ya gari, unagonga. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kifua cha mgonjwa. Nikagonga chasisi, ile fremu ya chini, safi. Nikagonga sakafu chini ya kiti, nyundo ikazama! Ikatoboa kutu na kugonga kitu huko juu. Nikagonga tena kujua ni nini. Nikagonga na mara ya tatu.

Nikatoka, nikachungulia chini ya kiti. Sanduku la mbao. Limeandikwa kwa herufi nyekundu: HATARI, BARUTI.

Ningekuwa mtu wa mjini ningetimua mbio.

Lakini huku kwetu mababu walifyeka pori lililojaa visiki, wakawa wanavilipua kwa baruti. Baruti ikiisha, sanduku linabaki. Hakuna banda lisilo nalo. Watu wanatia misumari, mama yangu alikuwa anatia vitunguu. Kwa hiyo mimi nikaona sanduku la baruti, nikajisemea "spana hizo", nikakaa juu yake.

Kiti kikadidimia, springi zikalala juu ya sanduku. Nikashika usukani, nikaanza kuota.

Nikapeleka mkono chini kupapasa. Vidole vikarudi vinanata, vina harufu tamutamu. Nikajifuta kwenye suruali, nikajipangusa jasho usoni kwa mkono uleule.

Haukupita muda kichwa kikaanza kugonga. Siyo kuuma, jamani, kugonga!

Hapo ndipo Verna akaja na chai. "Mbona umekunja uso hivyo?"

"Kichwa, mama. Kinataka kupasuka."

"Umeshika nini?"

Nikamwonyesha vidole. Kikombe kikaanguka.

Akaongea polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliye juu ya paa. "Merv akishinda kwenye visiki, alikuwa anarudi na kichwa hichohicho. Baruti ikizeeka inatoa jasho. Jasho lile likigusa ngozi, kichwa hakikai. Na ikishafika hapo, Lyall, hata kuitikisa ni kosa."

Kuitikisa.

Na mimi nimeipiga nyundo mara tatu.

 Nilikuwa nimezikandamiza springi zote kwa uzito wangu. Nikinyanyuka zinaruka, zikiruka sanduku linatikisika. Nikang'ang'ania usukani kama mtu anayezama aliyepata ubao.

"Usimwambie Raelene," nikanong'ona.

"Usiniambie nini?" Raelene alikuwa ameshafika mlangoni. Verna akamweleza. Nilimwona mke wangu akibadilika rangi, halafu akaanza kuja moja kwa moja kwangu.

"Rudi!" nikapiga kelele, halafu nikaogopa kelele yangu mwenyewe.

"Sirudi. Nipe mkono utoke."

"Raelene, nakuomba. Ukinipenda rudi nyuma."

Akasimama hapo hatua chache, machozi yanamtoka, mkono ameunyoosha hewani. "We mwanaume, nilikwambia. Nilikwambia! Ukifa nitakuua."

Verna akakimbilia simu, na Brodie, askari wa mjini kwetu, akafika. Kijana mzuri, ila aliishia mlangoni. Wataalamu wa mabomu wanatoka jiji kuu, mwendo wa saa nyingi. Akasema kila mtu aondoke. Raelene akakataa katakata.

"Kama haondoki shambani, basi aende chini ya ardhi," Brodie akasema. "Mama Verna, una chumba cha chini?"

Anacho. Chini ya jiko, kuta za mawe, ndimo anamotunza jemu zake.

"Hapo hata banda lote likiruka hawaguswi," Brodie akanihakikishia.

Kusikia hivyo nikapumua. Raelene akakubali kwa shingo upande, ashuke na Verna. Kabla hajaondoka nikamwambia, "Nikitoka hapa, mikweche yote nauza. Nakuapia."

"Toka kwanza," akanijibu.

Nikabaki peke yangu.

Sitawadanganya. Nililia. Nilijikojolea pia, na sioni aibu kusema. Joto limenishika, nzi wa kwanza akapatikana, akaja akatua puani. Nikawa nasikia chafya inakuja. Umewahi kuomba Mungu akuondolee chafya? Miguu ikafa ganzi. Kila bati la banda likilia kwa joto, nilikuwa nafumba macho na kungoja. Kitu pekee kilichonishikilia ni kujua kwamba Raelene yuko salama. Nikifa, nakufa peke yangu.

Jua lilikuwa limeanza kushuka wataalamu walipofika. Mkubwa wao ni mwanamke mwembamba, anaitwa Thuy. Akatambaa kwa tumbo mpaka chini ya kiti, akamulika tochi, akapaka ule unyevu kwenye kikaratasi cha kupimia. Akatazama. Akapima tena.

Kisha nikasikia anacheka.

"Kaka, shuka."

"Springi..."

"Shuka bwana. Umekalia asali."

Kopo la asali! Ndani ya sanduku la baruti, Merv aliweka kopo la asali, na nyundo yangu imepenya mbao iliyooza ikalitoboa.

"Na kichwa?" nikauliza.

"Mara ya mwisho umekunywa maji lini?"

Asubuhi. Na yenyewe ilikuwa chai, siyo maji.

Wakanibeba kunitoa maana miguu ilikuwa haisimami. Brodie akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kuwaita akina mama, na mimi nikaanza kucheka na machozi juu. Verna akaja anajishika kifua, anamshukuru Mungu.

Thuy peke yake ndiye aliyekuwa ameacha kucheka.

"Mama, hili sanduku ni la baruti kweli. Baruti yake mumeo aliipeleka wapi?"

"Aliniambia imeisha."

"Uliiona ikiisha?"

Verna akatikisa kichwa.

"Watu wa zamani walijua baruti haitaki joto," Thuy akasema. "Hapa shambani mahali penye baridi kuliko pote ni wapi?"

 Wote tukageuka kuangalia nyumba.

Raelene ndiyo kwanza anatokea mlango wa jikoni, anakuja taratibu, mkono kwenye paji la uso.

"Asante Mungu," akasema akiniona. "Nilikuwa naomba tu huko chini. Lakini kichwa hiki, Lyall, sijawahi kuumwa hivi."

Thuy akamshika mkono, akamgeuza viganja. Vilikuwa vinang'aa kwa mafuta.

"Dada, ulikaa wapi mle ndani?"

"Kuna sanduku nyuma ya jemu, limefunikwa turubai. Mama Verna alisema ni dawa ya kondoo, mumewe alimkataza asiguse. Nikasema kukaa tu siyo kugusa."

Jamani.

Mimi siku nzima nimekalia asali nalia. Mke wangu amekalia baruti ananiombea.

Walituondoa pale mbio. Waliitoa ile baruti kwa mashine, wakailipulia kondeni, mbali sana, na bado madirisha ya nyumba yakapasuka. Shimo lake linaweza kumeza ng'ombe watatu. Krismasi iliyotangulia tu, Verna alikuwa ameshuka mle chini na wajukuu zake kuchukua jemu, mshumaa mkononi.

Verna akanifuata nilipokuwa nimekaa kwenye nyasi na Raelene. "Sasa, mwanangu. Pikapu unachukua au huchukui?"

"Sichukui, mama. Nimeapa."

"Anachukua," Raelene akasema.

Nikamkodolea macho.

"Tusingekuja kuangalia huu mkweche, huyu mama angeshuka mle tena na wale watoto. Mimi sikubali wa vyuma chakavu waukatekate." Akafuta pua. "Lakini lile trekta lako linaondoka kesho."

Nilichojifunza ni hiki, ndugu zangu. Ukienda kukagua kitu, usikague kile tu unachokiogopa. Nenda kakague na pale ulipowaficha unaowapenda, maana pale ndipo unapoacha kuuliza maswali.

Pikapu imekamilika. Injini inaunguruma, rangi imerudi, Verna tulimzungusha nayo mjini akapunga mkono kama malkia. Springi zote za kiti ni mpya, nimezifunga kwa mikono yangu.

Ila mimi kukaa pale bado sijaweza. Anayeendesha ni Raelene.