Hispania Wakati wa Baridi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijisomea uchumi wa Hispania katika vitabu vya maktaba: jinsi nchi ya wakulima ilivyojenga viwanda, ikafungua fukwe zake kwa watalii, kisha ikaumizwa na ujenzi uliopita kiasi. Ndiyo maana mdogo wangu wa kike alikuja kwangu, mtaani Small Heath, Jumapili moja. Mumewe ana uraia wa Hispania, na wifi yake anayeishi huko pwani alikuwa amemtafutia kazi hotelini. Kesho yake mdogo wangu alikusudia kuacha kazi ya kutunza wazee, ahame na watoto.

Nilimmiminia chai, nikaanza na kilimo.

"Kaka, sikuja darasani," akanikatiza. "Niende, nisiende?"

"Mpigie wifi yako. Muulize hoteli inafanya nini Januari."

Alipiga palepale, akaiweka simu mezani ili nami nisikie. Wifi yake akacheka.

"Januari? Wifi, Januari tunafunga! Wageni hurudi Pasaka."

"Na mshahara?"

"Mshahara wa nini? Kila mtu anajitafutia."

Mdogo wangu alikata simu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga hoteli. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba ajira za utalii hufuata misimu. Sikuwahi kulisoma hilo mbele ya mtu aliyekwisha kuwaahidi watoto wake bahari.

"Basi tutakwenda likizo," alisema hatimaye, akaomba sukari zaidi.