Mchora Watu wa Rwamishenye

Alistidia huchora watu tu. Nyumba hachori, migomba hachori, na mbuzi akiombwa sana humchora kwa kusitasita, kisha mbuzi mwenyewe hutoka na uso wa mwalimu mkuu.

Kazi hiyo ilimshika tangu Muleba, alikozaliwa. Alipomaliza shule alianza kupaka mabango ya vinyozi, vichwa kadhaa kwenye ubao mmoja, kila kichwa na mtindo wake wa kunyolewa. Mzee mmoja aliwahi kugoma kukaa kwenye kiti cha kinyozi, akasema kichwa cha nne pale ubaoni ni chake na hakuna aliyemwomba. Kilikuwa chake kweli. Alistidia alikuwa amekitazama ibada nzima, akiwa amesimama na kwaya.

Sasa yuko Rwamishenye, mjini Bukoba, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la Renatha. Wako wanne. Philbert ndiye mkubwa wao. Huchora mahali: vilima, paa za bati, njia, mgomba mmoja mmoja na majani yake yaliyochanwa na upepo. Pale panapotakiwa mtu hachori kitu, huacha tundu jeupe lenye umbo la mtu. Karatasi inakwenda kwa Alistidia, naye anawajaza watu matunduni. Kutoka kwake inakwenda kwa Renatha, anayetia rangi za maji akiwa bado na sindano kifuani mwa blauzi. Mwisho ni Anwari, kijana wa kompyuta, anayesafisha madoa na kupanga maneno. Hakuna anayegusa kazi ya mwenzake. Ndivyo walivyokubaliana, na ndivyo walivyoweza kukaa chumba kimoja bila kugombana.

Mwaka huu walipata kitabu chao cha kwanza, hadithi ya watoto iliyotumwa na mhariri wa Dar es Salaam aitwaye Klaudia. Philbert aliisoma yote. Kisha akachukua mkasi wa Renatha, akawa anaikata ukurasa kwa ukurasa, anabandika kipande kimoja juu ya kila karatasi anayoipitisha. Alisema mtu akiona kazi yote kwa mara moja huchoka kabla hajaanza.

Kipande cha ukurasa wa kumi na mbili kiliandikwa hivi: Asubuhi moja wadudu wenye mabawa walifunika anga. Watu wote wakatoka nje.

Bukoba nzima ingejua la kufanya na maneno hayo: kuokota na kukaanga. Philbert aliacha matundu saba yaliyoinua mikono, moja limeshika ndoo, jingine kikapu, la mtoto liko hewani kabisa. Alistidia akayajaza vicheko. Hakuwahi kuchora kwa raha namna ile. Kulikuwa na mama mmoja aliyecheka mpaka kitambaa cha kichwani kikamdondokea begani. Renatha akaweka kijani kibichi cha Novemba baada ya mvua. Wakaibandika ukutani, na mteja aliyekuja kupima gauni akachungulia mlangoni akauliza, "Senene wameanguka wapi?"

Klaudia alipiga simu Jumatatu. Philbert akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Hongereni jamani, picha ni nzuri. Ila ukurasa wa kumi na mbili, hawa watu wanasherehekea nini?"

"Senene," akasema Philbert.

"Senene gani? Hao ni nzige! Wanamaliza mashamba. Ukurasa wa kumi na tatu watoto wanalala na njaa."

Watatu wakamgeukia Philbert.

"Si ulisoma yote wewe?" akanong'ona Renatha.

"Nilisoma. Nikadhani wana njaa kwa sababu senene wameisha."

Renatha akacheka mpaka akakaa juu ya kitambaa cha mteja. Klaudia naye alikuwa anacheka huko aliko. Alikuwa mtu wa Dodoma. Nzige alisimuliwa na bibi yake, na senene hajawahi kula. Alipomaliza kucheka alisema hataki kuwasumbua, wabadilishe sura tu. Watu waogope. Aipate Ijumaa.

"Dada Ali, nikusaidie?" akasema Anwari simu ilipokatwa. "Midomo wazi, macho makubwa. Kwenye kompyuta ni kazi ndogo."

"Watu ni wa Alistidia," akasema Philbert. Halafu akafikiri, akaongeza, "Lakini Ijumaa haisogei. Zikiwa hazijakaa sawa, Anwari achukue sura. Na za kurasa zinazobaki pia, ili zifanane."

Alistidia alisema sawa. Alijua maana yake. Philbert akinyimwa watu anabaki na vilima, Renatha anabaki na rangi zake. Yeye akinyimwa watu, chumbani mle hakuna kitu kingine anachojua kushika. Kilichobaki ni kurudi Muleba kwenye vichwa vya vinyozi.

Alijaribu Jumanne, akajaribu Jumatano. Alichora nyusi zilizopanda, midomo iliyopinda, machozi. Renatha alikuja na kikombe cha chai, akainama juu ya meza.

"Hawa wamevamiwa na majambazi?"

"Wanaogopa nzige."

"Mbona wamesalimu amri?"

Alistidia akatazama. Kweli, wote saba walikuwa wameinua mikono juu kama watu walioamriwa. Alifuta. Karatasi ilianza kuota manyoya kwa kufutwa.

Alhamisi akaenda Muleba kwa mama yake, Ephrasia. Hakumwambia anakuja. Alimkuta kibanjani, shamba linaloizunguka nyumba, anapunguza majani ya migomba, akamsalimia kwa Kihaya kama inavyostahili, kisha akauliza kwa Kiswahili, lugha anayoitumia mambo yakiwa ya kazi.

"Mama, ule mwaka wa mnyauko, siku mabwana shamba walipotukatia migomba iliyougua. Ulilia?"

Ephrasia hakuinua kichwa. "Ningelia saa ngapi?"

"Na baba?"

"Ildefons? Aliuliza panga ni la nani. Walipokata mgomba wa kwanza ukatoka ule usaha wa manjano, akauliza, panga hili ni la nani. Basi. Hakuuliza kitu kingine mpaka walipomaliza kung'oa."

"Na majirani?"

"Walikuja wote. Wakasimama kule njiani, hakuna aliyeingia. Mama Joviana ninayemjua mimi, mtu wa kuingia mpaka jikoni, siku hiyo alisimama mbali na mikono mgongoni. Wote walishika mikono mgongoni, waitu. Waliogopa kugusa, wasiupeleke ugonjwa kwao." Akakata jani. "Walitutazama kama tunavyotazama maiti ya mtu tusiyemfahamu. Sasa wewe umetoka Bukoba kuja kuniuliza hayo?"

"Ndiyo."

"Haya, shika kikapu. Usikae kama mgeni."

Ijumaa asubuhi aliingia chumbani kabla ya wengine kuvua makoti, akasimama mbele ya meza ya Philbert.

"Kaka, naomba matundu mapya."

"Mhariri kasema sura tu."

"Sura haziwezi. Matundu yako yanafurahi."

"Tundu halifurahi, Alistidia. Tundu ni tundu."

"Haya, simama kama ulivyolichora."

Philbert, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, aliinua mikono yake juu. Akapindisha goti moja kama tundu la mtoto.

"Sasa ogopa," akasema Alistidia.

Akajaribu. Anwari akageuza uso kwenye kompyuta, mabega yanatikisika. Renatha hakujizuia. "Mungu wangu, huyo anamkaribisha askofu!"

Philbert akashusha mikono. Alikaa kidogo akiutazama ukurasa, ule mgomba wa kulia hasa, uliomgharimu asubuhi nzima. Kubadili matundu ni kuanza karatasi upya: vilima, bati, njia, na rangi za Renatha juu yake.

"Unayataka vipi?"

"Membamba. Mikono isionekane, iko mgongoni. Ndoo ondoa, kikapu ondoa. Wasimame njiani, wasiingie shambani."

"Wote?"

"Mtoto mwache alivyo."

Philbert akatoa karatasi safi. Mchana ule Renatha alimrudisha mteja mmoja, akachanganya rangi ambayo hakuwa nayo kwenye sahani zake, kijani chenye vumbi. Anwari alikuwa tayari na toleo lake, sura saba zenye midomo wazi, amelichapa endapo litahitajika. Karatasi ya Alistidia ilipokauka waliziweka mezani pamoja. Katika ya Anwari watu walikuwa wanapiga kelele na jicho linakwenda kwao. Katika ya Alistidia jicho lilipita kwenye zile sura zilizonyamaza, likaenda moja kwa moja kwenye migomba.

Anwari akaikunja yake mara mbili, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. "Nilikuwa naitafutia kazi," akasema.

Wakaituma. Klaudia alipiga simu jioni, duka halijafungwa.

"Hawalii?"

"Hawalii," akasema Philbert, akamsogezea Alistidia simu.

"Naona," akasema Klaudia. "Ni sawa. Nimeipenda, sijui kwa nini inanitisha kuliko nilivyotaka. Ila kuna mtoto hapo pembeni ameruka, anacheka. Mmemsahau?"

"Hatukumsahau," akasema Alistidia. "Yeye hajajua bado."

Akasikika Klaudia akivuta pumzi. Chumbani Renatha alisimamisha mguu kwenye cherehani.

"Basi mwacheni," akasema Klaudia. "Na watu wa kurasa zote awachore mtu huyuhuyu aliyewachora hawa."

Philbert hakusema hongera. Alichukua mkasi, akakata kipande cha ukurasa wa kumi na tatu, akakibandika juu ya karatasi mpya. Akachora kitanda, dirisha, chungu kilichofunikwa, na kitandani akaacha tundu dogo. Akampitishia.

Alistidia akasoma kipande. Alikuwa mtoto yuleyule, sasa anajua. Alichonga penseli, akaijaribu ncha yake kwenye ukucha, akaiweka mezani, akaenda kumsaidia Renatha kufunga milango ya duka.