Kichochoro cha Hamisi na Kabura

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haitaki kunitoka kichwani. Nitakusimulia, maana jana ulinijia umenuna, ukisema kazi ya mahakamani ni kupoteza ujana kwa ugomvi wa watu wasio na akili. Keti. Kunywa chai. Na usinikatize, kwa umri huu nikikatizwa huanza upya.

Wakati wa vita nilikuwa binti wa mtaa wa Buyenzi mwenye shahada ya sheria na kiburi chake. Nilipata kazi katika ofisi ya karani wa mahakama ya rufaa, ile tuliyoiita grefi. Sikuwa jaji, sikuwa wakili wa mtu. Kazi yangu ilikuwa kusoma mafaili ya rufaa, kutafuta sheria inasemaje na majaji wa zamani waliamua nini, kisha kuwaandikia majaji maelezo kabla hawajaketi. Nilijiona nitaandika mambo makubwa makubwa, ya katiba na haki za raia. Juu ya meza yangu nikakuta kichochoro.

Ndiyo, kichochoro. Njia ya gari moja kati ya gereji mbili za mtaani kwetu. Upande mmoja alikuwa Mzee Hamisi, fundi wa radieta, ambaye alijenga banda la mabati likameza nusu ya njia. Upande wa pili Mzee Kabura, fundi wa malori, ambaye malori yake hayakuweza tena kuingia. Mahakama ya chini ilimpa haki Kabura, Hamisi akakata rufaa. Faili lao lilikuwa nene kama mto wa kulalia. Walishitakiana hadi matusi ya wake zao.

Siku hiyo ninayosema, mabomu yalikuwa yamelia milimani tangu alfajiri. Mabasi hayakutembea. Nusu ya wenzangu hawakufika kazini. Mimi nilikuja kwa miguu, roho mkononi. Kabla ya adhuhuri naona wazee wawili wanaingia bega kwa bega, vumbi hadi magotini. Hamisi na Kabura! Nikasema moyoni, alhamdulillahi, Mungu amewapatanisha.

Wapi! Walikuwa wametembea pamoja kwa sababu barabara haikuwa salama kwa mtu peke yake. Na njia nzima waligombana.

"Dada, andika," akasema Hamisi kabla hata ya kuketi. "Huyu mutu jana amemwanga mafuta machafu mbele ya banda yangu."

"Mwongo!" akasema Kabura. "We ndiye umemwanga. Na hii njia, marehemu baba alikuwa anapitishaka lori hapo tangu mi mutoto."

Mwanangu, nilipasuka. "Wazee wangu, mji unaungua! Watu wanazikwa kila siku, na nyinyi mmetembea katikati ya risasi kuniletea habari ya mafuta machafu? Hamuoni haya?"

Kisha Kabura akamgeukia Hamisi, akamwuliza kwa upole kabisa, "Unamusikia huyu mutoto?" Na Hamisi akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kwa mara ya kwanza walikubaliana juu ya jambo, na jambo lenyewe ni mimi.

Jaji Leokadia alikuwa mlangoni. Mama mmoja mrefu, mpole, aliyeongoza chemba yetu, yaani jopo letu la majaji. Aliwaomba radhi wazee wale, akaniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mwana wanje, mwanangu," akaniambia, "wale wazee wamekuja wamebeba nini?"

"Karatasi, Mama Jaji. Karatasi za upuuzi."

"Na guruneti siku hizi inapatikana wapi?"

Kila mtu alijua. Miaka ile guruneti, bomu la kurusha kwa mkono, iliuzwa vichochoroni kama sabuni, na mipaka mingi ya mashamba iliamuliwa nayo.

"Kaka yangu aligombana na jirani yake juu ya mpaka wa migomba, huko kwetu mlimani," akasema. "Jirani hakukata rufaa." Akatazama dirishani kidogo. "Wale wawili wanakuchosha. Wacha wakuchoshe. Siku wakiacha kuja hapa, ndiyo siku ya kuogopa. Genda, nenda kafanye kazi."

Nilitoka masikio yakiwaka moto. Lakini nisikudanganye kwamba tangu siku ile niligeuka malaika. Wazee wale waliendelea kunikera, na mimi niliendelea kukereka, ila sasa nilikereka huku nasoma. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Nikafukua sheria za ardhi, nikafukua hukumu za zamani ambazo panya walikuwa wamezionja, nikaona neno linarudi mara kwa mara: njia iliyotumiwa na nyumba mbili kwa miaka mingi haifungwi na mmoja wao. Nikaandika maelezo yangu vizuri, bila madaha. Nikayapeleka.

Basi, unafikiri kesi ilisikilizwa? Thubutu! Majaji lazima wawe watatu. Mmoja alikuwa amekimbilia nje na watoto wake, mwingine alilazwa hospitali. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Wasemao subira huvuta heri hawajakaa grefi wakati wa vita. Mimi nilijifunza ile nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Asubuhi moja Hamisi akaja peke yake. Hakuketi. Hakumtukana mtu. Hapo ndipo maneno ya Mama Jaji yaliponirudia.

"Mzee Kabura yuko wapi?" nikauliza.

"Nimemwambia akalale kwa dada yake, kule mtaa wa Jabe." Akashusha sauti. "Mutoto wangu Idi amechoka kungoja. Kuna vijana wamemwambia, baba yako anasumbuka bure, sisi tutamaliza hii kesi kwa siku moja. Nimemukataza. Ananitazama kama mi mutu mujinga."

"Umemwonya Kabura wewe mwenyewe?"

"Sasa ningefanya nini? Ni jirani." Kisha, kana kwamba anaogopa nimemwelewa vibaya: "Lakini ile njia ni yangu."

Sikujua nicheke au nilie.

"Binti," akasema, "mi sikuombi ushindi. Unipatie siku ya kesi. Siku yoyote, lakini siku ya kweli, nimuonyeshe Idi. Mutu akiwa na siku, anaweza kungoja."

Nikaenda mbio kwa karani mkuu, bwana mmoja mwangalifu sana. Akaniambia bila majaji watatu hakuna siku. Nikamwambia yule wa hospitali amekwisha rudi, basi atafute wa tatu. Akaniambia nishushe sauti. Nikaipandisha. Nilisema mambo ambayo binti hamwambii mkubwa wake, na mengine kwa Kifaransa ili yaume zaidi. Jaji Leokadia akatoka kuuliza nani anapiga kelele. Nikamweleza. Mara hii hakunikemea. Alivaa viatu vyake, akaenda chemba ya pili, akarudi ameazima jaji. Siku ikapangwa, Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Tarishi aliogopa kwenda Buyenzi, basi hati ya wito niliipeleka mwenyewe. Nilimkabidhi Hamisi mbele ya Idi, kijana mpana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Idi akaisoma mara mbili.

"Na wakiahirisha tena?" akaniuliza.

"Wakiahirisha, njoo unigombeze mimi," nikamwambia.

Hawakuahirisha. Ijumaa ile majaji watatu waliketi, wakawasikiliza wazee wale mpaka wakaishiwa maneno, jambo ambalo sikuwahi kudhani linawezekana. Hukumu ikasomwa baadaye: njia ni ya wote wawili, banda liondolewe. Hamisi akashindwa. Na kwa maelezo yangu mimi, mwanangu, alishindwa.

Nilimtazama Idi, nikaona shingo yake inavimba. "Baba, wametudhulumu," akasema kwa sauti.

Hamisi akasimama polepole, akashika mkono wa mwanawe. "Tumeshindwa," akasema. "Kudhulumiwa ni kitu ingine. Wamenisikiliza mpaka mwisho, na wewe ulikuwepo. Twende nyumbani."

Idi hakwenda mara moja. Alisimama pale, na sote tuliona anachagua. Kisha akachukua kofia ya baba yake iliyobaki kwenye benchi, akamfuata.

Jumatatu nilipita Buyenzi. Baba na mwana walikuwa juu ya banda, wanang'oa mabati. Chini amesimama Kabura, mikono kiunoni, akilalamika kwamba wanaacha misumari njiani itatoboa matairi. Hamisi akamjibu kutoka juu kwa maneno nisiyoweza kuyarudia mbele yako. Nikaondoka haraka kabla hawajaniona, wasije wakaniambia niandike.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hiyo ndiyo habari yote.

Sasa sikia, wewe unayenuna. Usiipime kesi kwa ukubwa wa kitu kinachogombaniwa. Ipime kwa kile ambacho mtu angefanya kama mlango wako ungefungwa. Mwenye kungoja mpe siku, hata kama huna haki ya kumpa. Kasirika ukitaka, mimi nilikasirika miaka yote na kazi ilikwenda, lakini hasira yako uipeleke kwa mkubwa anayeweza kufanya jambo, usimmwagie aliyekuja kwa miguu. Na anayekutukana mbele ya meza yako, ujue bado anaamini maneno. Mshukuru Mungu kwa hilo, kisha fungua faili.

Mola akupe kifua kipana, mwanangu, akuepushe na majirani wa aina ile, na kama hakukuepusha nao, basi akupe majirani watakaokuonya ulale kwa dada yako. Amina. Haya, chai imepoa. Kesho uende kazini.